Habari za Malisho ya Bondeni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, nyonga imepoa, na hujagombana na Shangazi huko anakokuuguza kuhusu sauti ya redio. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe ni wazima, Madoa bado ana kiburi kilekile, mlango wa jikoni bado unalia ukifunguliwa, na kiti chako hakuna anayekikalia ila paka, naye nimeshamwonya.

Najua tabia yako ya kuanzia barua mwishoni. Leo tafadhali anza juu, ushuke polepole. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza salamu.

Siku gari lilipokuja kukupeleka kufanyiwa upasuaji, uliniachia maagizo mawili: malisho ya bondeni yapigwe plau, na yule mnunuzi akija, ng'ombe waende. Ulisema malisho yamezeeka kama wewe, basi kila mzee apumzike. Nilinyamaza kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Lakini Baba, zile nyasi mlizipanda wewe na marehemu Mama kwa mikono, shina moja moja, mimi nikiwa mgongoni mwake. Sijui ulidhani nitazifukiaje halafu nipate usingizi.

Wiki ileile nguzo ya lango la bondeni ilianguka. Nikaenda kuchimba shimo jipya. Juu kulikuwa na matope ya kuvua mtu buti, unavyoyajua. Nikachimba kidogo tu, sepeto likagonga kitu kigumu. Nikadhani jiwe. Nikasogea, likagonga tena. Nikasogea mbali zaidi, vilevile. Nikaleta sururu, nikapasua kwa hasira, na huko chini nikakuta udongo laini, mkavu, unaomomonyoka vizuri mkononi. Maji ya mvua yote yalikuwa yamekaa juu ya lile tabaka gumu kama maji kwenye sinia. Na mizizi, Baba! Ilishuka mpaka pale, ikakosa njia, ikakunja kona na kutambaa pembeni. Nilikaa kwenye matope nikalia kama mtoto. Malisho hayakuzeeka. Yalikuwa yamekabwa.

Nikamwita bwana shamba. Akachomachoma ardhi kwa nondo huku na kule, akaniambia kilichoibana ni kwato za ng'ombe wakati wa mvua, pamoja na magurudumu mazito yanayopita kila siku. Sikumwambia magurudumu ya nani. Tangu nyonga ianze kukusumbua, umekuwa ukienda bondeni kwa trekta asubuhi na jioni, hata kama ni kumsalimia Madoa tu. Usijilaumu. Sisi sote tulifurahi kukuona bado unazunguka, hakuna aliyewaza yaliyokuwa yakitokea chini.

Bwana shamba akasema plau haihitajiki. Kuna chombo chenye jino refu la chuma linalopita chini ya tabaka gumu, likalinyanyua na kulivunja, huku nyasi zimesimama zake juu. Nikamuuliza nani anacho hapa kwetu. Baba, shika kiti. Ni Kinyonga.

Ndiyo, huyohuyo wa mwendo wa pole uliyeapa hatakanyaga kwako, ukisema ukimtuma maji atarudi wenye kiu wamekwishalala. Alikuja. Akapiga mstari mmoja, akazima trekta, akashuka na kuchimba pale jino lilipopita. Akaniita nitazame. Kuta za ule mpasuko zilikuwa laini zinang'aa, mfano wa chungu kilichofinyangwa. Akasema lile tabaka bado lina unyevu mwingi, hatulivunji, tunalisugua tu kama mfinyanzi, tungoje likauke. Nikamfokea. Nilikuwa na mnunuzi upande mmoja na mawingu upande mwingine, yeye ananiambia ningoje! Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akaaga kwa heshima, akaondoka. Hapo nilikuelewa kabisa, Baba.

Lakini alikuwa sahihi. Aliporudi, udongo ulikuwa umekauka. Akapima jino lipite chini kidogo ya lile tabaka, akaenda mwendo wake ule wa kukera watu, ambao kumbe kwa kazi hii ndio wenyewe. Mimi nilitembea nyuma yake kutwa nzima. Jino likipita, nyasi zinainuka taratibu kisha zinashuka, kama shuka juu ya mtu anayevuta pumzi. Nikasema peke yangu, laiti Mama angeona.

Mvua ilipokuja, nilikimbia bondeni bila hata mwavuli. Nikasimama nikingoja dimbwi lile la karibu na lango. Halikuja. Maji yalikuwa yanazama, Baba, yanaingia ndani na kupotea. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu, majirani wakidhani nimepata wazimu.

Sasa hapa ndipo ulipokuwa unapatafuta. Sikulima. Na mnunuzi alipokuja nilimpa chai, nikaisifu kofia yake, nikamwambia hatuuzi. Ng'ombe wapo malisho ya juu, nawaongezea majani ya kukata. Nimekuasi mara mbili, na ukinifokea nitastahili.

Ila na mimi nina la kukufokea. Shangazi ameniambia hufanyi mazoezi. Kwamba mtaalamu akija unageukia ukutani, fimbo umeisukumia chini ya kitanda, na ulimwambia huna pa kwenda. Niliumia sana. Huna pa kwenda? Na mimi je?

Basi sikiliza. Bwana shamba amenionya kwamba ardhi iliyopasuliwa hujifunga tena upesi ikikanyagwa na kitu kizito. Mpaka mizizi ishuke, ng'ombe marufuku, trekta marufuku. Ufunguo wake nimeuficha, na usimtume mtu autafute. Anayeruhusiwa kuingia bondeni ni mtu kwa miguu yake. Nimeweka benchi karibu na tangi la maji, la kupumzikia njiani, na jingine langoni. Nyasi zimeanza kuwa na rangi niliyoisahau. Sitakupigia picha.

Nakupenda, Baba, na nyumba imekuwa kubwa mno bila kelele zako. Nisalimie Shangazi, mwambie ile redio aifiche kama nilivyoficha ufunguo. Madoa anakusalimia kwa dharau. Kinyonga naye anakusalimia. Salamu zake zitafika zikifika.

Itoe fimbo chini ya kitanda. Nitakuwa langoni. Nitakushika mkono, lakini sitakubeba.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Mziwanda