Mama ameshuka kitandani kufua

Shoga, mbona hupokei simu??

Nimetoka jikoni nikamkuta mama sakafuni. Mama huyu huyu ambaye daktari amesema hana siku nyingi! Ameburuta beseni, anafua vitambaa vya meza ya Bwana, vile vya kanisani.

Nikamwambia, "Mama, umevifua maisha yako yote, inatosha." Akaangua kilio. "Nani kakuambia inatosha? Nikifika huko mbinguni nikaambiwa haijatosha?"

Haijatosha! Mama yangu! Sasa sisi wengine tutaponea wapi?

Mimi nalia, yeye anafua.

Mara mjomba akaingia, yule yule mlevi wetu aliyeokoka juzi. Akachuchumaa pale pale kwenye maji. "Dada, mimi nimemwendea Yesu mikono mitupu, nanuka pombe, akanipokea. Huyu mwanao, siku ulipomzaa, alikuwa amekufanyia nini ndiyo ukampa ziwa?"

Mama akanitazama, shoga.

Kisha akasema, "Hakuwa amenifanyia kitu."

Akaachia kitambaa. Unamjua, tangu augue hajakubali kulishwa na mtu, hata kijiko kimoja. Sasa hivi amefungua mdomo nimnyweshe maji.

Nimemwaga nusu. Njoo.