Ndoo Isiyo ya Maji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naubusu mkono wako kutoka huku Uholanzi, mvua haijakatika tangu alfajiri. Goti je, limepoa, au bado unalisugua mafuta ya nazi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila wali wa huku hauna ladha, na mpishi ni mimi mwenyewe.

Mdogo wangu Rukia akikusomea asiharakishe, maana nina ombi.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikakurekodi jikoni hapo Takaungu, umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, ukanicheka ati nimesoma miaka yote nije kusikiliza maneno ya jikoni? Basi nimeyaandikia makala, nikaipeleka kwa jarida moja la lugha za Kiafrika. Mama, hawa watu nawavulia kofia! Jarida lao liko wazi mtandaoni, halimdai msomaji kitu. Hata Rukia atalifungua kwa simu hapo barazani. Na kila makala kwanza hupewa wataalamu waipekue neno kwa neno.

Mmoja wao akakwama kwenye mfano wa tisa, pale uliponiita: "Ndoo ule, mwanangu." Akaandika: "Ndoo ni chombo cha maji, hailiwi. Mfano huu ufutwe." Lo! Nilicheka mpaka machozi. Bora sikuitaja ile mbuzi, angeniuliza mnyama alisemaje.

Lakini kicheko kilipokwisha niliona haya, Mama. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu, alivyonichapa kwa kusema "ndoo" ya kwetu badala ya "njoo". Nikaifuta, nikaandika "njoo". Nimekusahihisha mimi, mtoto wa juzi. Nisamehe.

Mhariri, bibi mmoja ambaye sijapata kumwona, ndiye aliyegundua, alipolinganisha nakala zangu mbili, kwamba neno lako nimelibadilisha. Akaniandikia: "Mama yako alisemaje hasa? Tuletee sauti." Nikampelekea. Akasikiliza, akairudisha "ndoo" mahali pake, na sauti yako itawekwa hapo hapo, wasomaji wakusikie. Kazi yote hiyo, na mshahara hapati!

Limebaki jambo moja. Nilikuwa nimeandika kwamba msemaji ni "Mama Salim". Mhariri akauliza: "Salim ni wewe. Yeye ni nani?" Harusini, msibani, hata hospitali, wewe ni Mama Salim tu. Akasema jina lako haliandikwi bila idhini yako, na anangoja jibu mpaka Ijumaa. Ukikataa, utaandikwa "mwanamke mmoja wa Takaungu". Najua utasema, kwani mimi nani hata niandikwe? Ni wewe uliyeniita nile, Mama, na kila nikiisikia sauti ile nainuka kitini.

Nisalimie Mjomba Athman, fundi wetu wa milango, na Shangazi Mwanaisha wa mahamri. Rukia asikujibie. Nipigie mwenyewe, ulitaje jina lako kwa kinywa chako, nami nitaliandika.

Wako mtiifu,
Salim, mwana wa Zuhura