Nyumba ya Mlango Mmoja Kando ya Kalambo

Jumamosi jioni, kando ya Mto Kalambo. Asubuhi ukungu, mchana jua, sasa baridi inayopenya mpaka kwenye meno.

Naandika kwa kalamu, kwa mwanga wa taa ya chemli, maana huku mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, na hata hapo ni kwa kubahatisha. Nitayabandika kwenye blogu Jumatatu nikiwa nimesharudi Sumbawanga, kama sitaona aibu.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, wanaonijua wanajua. Leo maneno yamenikimbia.

Nianze na nyumba. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa Msanzi aliyekuwa akivusha mahindi kwenda Zambia kupitia Kasesya tangu mpaka ulipolegea na kila mwenye gunia akawa tajiri mtarajiwa. Akaona Wazungu wanakuja na mahema kutazama maporomoko, akajisemea kwa nini walale chini. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, kibaraza kinachotazama mto, viti vya mianzi na bafu la ndani ambalo maji yake unayabeba mwenyewe. Wazungu wanakuja wawili watatu kwa mwaka. Siku nyingine anatupangisha sisi, kwa bei ya kutuonea huruma.

Nyumba nzuri. Ina kosa moja tu: ina mlango mmoja.

Kwa mtu mwingine hilo si kosa. Kwangu ni balaa, kwa sababu tumekuja na baba mkwe.

Mume wangu Gwamaka ni Mnyakyusa wa Tukuyu, bwana shamba, aliletwa Rukwa na serikali na akabakizwa na mimi. Mimi ni Mfipa wa Mpui. Kwao mkwe wa kike hamwoni baba wa mume wake, wala yeye hamwoni. Mzee akija njiani, mkwe anaingia kwenye migomba. Hawasemeshani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono; kinawekwa chini, mmoja anaondoka, mwingine anakuja kukichukua. Vijana wa mjini wameacha, lakini baba mkwe wangu si kijana wala si wa mjini. Namna ya kulimaliza jambo hilo ipo, mzee mwenyewe akiamua kumpa mkwe wake zawadi kwa mkono wake, mbele za watu wa ukoo. Wengi hawaamui. Wa kwangu hakuwahi kuamua.

Na mimi nilianza vibaya. Siku watu wa Gwamaka walipokuja kwetu Mpui kwa mambo ya posa, hakuna aliyenieleza. Nikafanya nilivyolelewa: nikaingia sebuleni, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikakutanisha viganja, nikapiga makofi yale ya taratibu ya heshima. Mzee akajifunika uso kwa kofia, akainuka, akapitia jikoni, akatokea nyuma ya nyumba kwenye mabanda ya kuku. Shangazi zangu walikaa vinywa wazi. Nikaambiwa baadaye ni mila. Nikaitikia. Lakini moyoni kitu kilibaki, maana mtu akikukimbia amekukimbia, uite mila au uite jina lingine. Nimemzalia mjukuu, Atupele, sasa ana meno ya mbele mapya, na bado nilikuwa sijui kama babu yake ananichukia.

Mwaka huu macho ya mzee yamefika mwisho. Presha ya macho. Daktari wa Mbeya amesema kilichobaki kitaondoka kabla mvua hazijarudi. Gwamaka anasema baba yake anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: katikati panaonekana, pembeni giza. Ndugu walipomuuliza, baba, kuna kitu unataka kukiona? akajibu kwamba anataka kuona maporomoko ya Kalambo.

Kila mtu alishangaa. Tukuyu maporomoko yako kama kuku, ukitembea bila kuangalia unatumbukia. Huyu mzee hajawahi kusafiri kwenda kutazama hata jengo. Lakini nani wa kumbishia mtu wa hali ile? Atu akabaki kwa mama yangu, tukaazima pikapu, tukaja. Mimi nilipanda nyuma kwenye turubai, nimejifunika khanga, ili mzee akae mbele kwa amani.

Jana nzima tuliishi kwa kukohoa. Nikitaka kutoka nakohoa, mzee anageukia ukutani. Yeye akitaka kuingia anakohoa, mimi najibanza nyuma ya pazia la chumbani. Gwamaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya maporomoko. Kesho asubuhi tunaondoka, Jumatatu mzee yuko kwenye basi la Mbeya. Alfajiri Gwamaka akawasha gari kulipasha moto, maji yote yakamwagika chini. Rejeta imetoboka. Akaifungua, akaikumbatia kama mtoto mchafu, akapanda bodaboda kwenda Matai kuchomelea. Akasema atarudi mapema.

Tukabaki wawili. Mimi, mzee, na mlango mmoja.

Asubuhi alishuka hapo chini kwenye mto na mwanzi wake wa kuvulia. Nilimtazama kupitia dirishani, naungama. Mto hapa ni mpole, kinamama wanaloweka mihogo pembeni, nyasi zimelala juu ya maji. Alikaa kwenye jiwe, uzi umepita kwenye kidole chake, uso ameuinua juu wala hatazami maji. Kidole kikishtuka, anavuta. Alipata kambale wawili. Akarudi, akawaweka kwenye ngazi ya kibaraza, akauambia ukuta: "Kama kuna mtu anapika, samaki wako hapa."

Nikausubiri mgongo wake ugeuke, nikawachukua.

Halafu akavaa. Koti lake la kwenda kanisani, kofia, viatu vilivyopakwa rangi. Akakaa kibarazani na fimbo kati ya magoti, akimsubiri Gwamaka asiyekuja. Ukungu ukainuka. Jua likapanda. Kila pikipiki iliyosikika mbali aliinua kichwa, halafu akakishusha. Mimi nyuma ya pazia, nimeshika kisu na kitunguu, sijui hata nilichokuwa nakata. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Kwa nini usiite tu? Kwa nini nisitoke tu?

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Zambia akasimama. Akauambia mti wa mbele ya nyumba, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi mimi nakwenda. Gwamaka akija aambiwe." Akashika njia peke yake.

Njia ile naijua, jana jioni mimi na Gwamaka tulitembea mpaka kona ya mwisho, tukasikia ngurumo, tukarudi ili tuyaone leo pamoja na mzee. Ni njia ya miguu inayofuata mto. Ina mizizi, ina mawe, na mwenye nyumba alituambia inaishia kwenye mwamba mpana ambao mbele yake hakuna uzio wala kamba. Mtu anayechungulia kwenye bomba.

Nilisimama mlangoni nikiwa na machaguo mawili, yote mabaya. Nikimfuata, namvunjia heshima, na safari hii siwezi kusema sikujua. Nikimwacha, nitamwambia nini mume wangu?

Nilijifunika khanga kichwa chote, nikakata kupitia nyasini, nikatokea njiani mbele yake. Nikampa mgongo. Nikataka kuita, sauti ikagoma, mazoea ya miaka ni kitu kibaya. Basi nikafanya kitu pekee ambacho mikono yangu inakijua mbele ya mzee. Nikapiga makofi. Yaleyale ya kwetu, viganja vilivyopinda kidogo, taratibu.

Nyuma yangu fimbo ikanyamaza.

Nilijua anageuka. Nilijua kabisa nitasikia viatu vile vikirudi, kama siku ile vilivyopita jikoni kwetu. Nilisimama nikiwa nimefumba macho mimi mwenye macho mazima.

Akakohoa. Akaziambia nyasi: "Huyo anayepiga makofi asiende haraka."

Tukaenda hivyo. Mimi mbele, yeye nyuma akifuata sauti ya mikono yangu. Penye mzizi nilisimama, nikapiga mara mbili kwa nguvu, nikasikia fimbo ikipapasa, mguu ukivuka. Penye jiwe hivyohivyo. Hatukukubaliana, tulielewana tu. Mto ulitembea nasi pembeni, bado mpole, bado haujui kinachoukuta mbele. Ngurumo ikaanza kupanda kupitia kwenye nyayo kabla ya masikio.

Halafu tukatokea.

Mimi nimezaliwa Mpui. Nimefundisha watoto shuleni kuchora maporomoko ya Kalambo kwenye ramani. Sikuwa nimewahi kuyaona, na Mungu anisamehe, nilidhani ni maji tu yanayoanguka. Ule mto wa kuloweka mihogo unafika ukingoni na hauna nchi tena. Unajiachia. Unaanguka, unaendelea kuanguka, unageuka moshi ukiwa bado unaanguka, na chini kabisa bonde limejaa kivuli na ndege wakubwa wenye vipara wanapita chini yako. Chini yako, ndege. Upande wa pili ni Zambia, ukuta wa mwamba mwekundu umesimama unatazama. Nilitaka kulia, na sina aibu kusema hivyo.

Nikamkumbuka mzee. Nikauambia mwamba, kwa sababu ndivyo tunavyoongea: "Jiwe hili ni la kukalia. Mbele yake hakuna ardhi."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akapapasa, akakaa, akaelekeza lile bomba lake kwenye maporomoko kwa muda.

"Meupe," akasema. "Kwetu nayo yapo."

Nilikuwa bado nimempa mgongo.

"Sikuja kwa ajili ya maji," akasema, na safari hii hakuwa akiongea na mti wala ukuta. "Ningesema ukweli wangeniitia kikao cha ukoo, wakae wiki nzima wanabishana. Nikasema maporomoko. Gwamaka angetuleta, halafu ningemtuma mahali. Gari limeniokoa kusema uongo mwingine. Geuka, mama."

Sikugeuka. Sikuweza.

"Siku ile kwenu ulinipigia magoti. Kwetu mkwe anakimbia. Wewe hukukimbia, ikabidi nikimbie mimi. Ilikuwa heshima ile. Sijui kama kuna mtu alikwambia."

"Waliniambia," nikajibu. Neno langu la kwanza kwake. "Sikuamini."

"Geuka. Macho yamebakiwa na kidogo, sitaki kukimalizia kwenye mawe."

Nikageuka, nikashusha khanga, nikapiga magoti kwenye mwamba. Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya ugoro. Akanitazama polepole, kipande kwa kipande, paji, jicho, jicho lingine, kidevu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ngurumo ilikuwa kubwa sana na mimi niliona kimya kitupu.

Akasema: "Kumbe pua ya Atu ni yako. Mimi na bibi yake tumebishana sana kuhusu pua ile."

Halafu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitenge kilichofungwa kwenye gazeti. Akaninyooshea. Hakukiweka chini. Alikishika hapo katikati yetu mpaka mikono yangu ikafika. "Mama mkwe wako ndiye aliyechagua rangi. Mimi rangi zimeshaniacha. Na watu wa ukoo hatuwaoni hapa, basi mto utashuhudia."

Nikasema ndaga, ambayo ni asante ya kwao, neno la Kinyakyusa ninaloliamini zaidi. Akasema asante ya Kifipa haijui, atajifunza kupiga makofi.

Tulirudi vilevile, mimi mbele, mikono ikilia. Tulipofika, Gwamaka alikuwa amesharudi, yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Akauliza kwa sauti ya wasiwasi baba yuko wapi. Baba yake akamjibu: "Niko na mkwe wangu." Kichwa cha Gwamaka kikagonga chuma.

Tumekula kambale sote kwenye meza moja. Gwamaka hajamaliza kutushangaa, anatuangalia kwa zamu.

Lakini kuna jambo nimeligundua sasa hivi, nikiandika, na limenikosesha raha. Kule kwenye mwamba nilipiga magoti, na Mfipa akipiga magoti mbele ya mzee anainamisha macho. Yeye aliniona. Mimi niliona vifungo vya koti. Mezani nilitazama samaki. Sijui baba mkwe wangu anafananaje.

Asubuhi kabla ya safari nitampa chai mkononi, na nitainua macho. Naomba tu ukungu usiwe mzito, na kwenye lile bomba pawe bado na nafasi, ili nikimtazama aone kwamba namtazama.