Nyumba ya Gudele Imebaki kwa Mama

Baba,

Nyumba imebaki kwa Mama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Huu ni mwezi wa tatu tangu kifua kile kikuchukue. Mama ni mzima. Amekonda kidogo, lakini kila asubuhi bado anafagia hosh yote, uwanja mzima wa nyumba, mwenyewe, na anayejaribu kumpokonya ufagio anaambiwa akatafute uwanja wake. Wajukuu wanaenda shule. Yule mdogo huniuliza kama ulikwenda na magongo yako. Hapana, yameegemea ukuta wa chumba chenu, na Mama hataki yasogezwe.

Siku ya mazishi walikuja watu wengi kuliko nilivyodhani. Walikuja askari wenzako wa zamani, wateja uliowashonea viatu sokoni Konyo Konyo, hata yule Msomali wa duka la jumla. Ofisa mmoja alisimama akakuita shujaa, nami nikakumbuka ulivyolikwepa neno hilo maisha yako yote. "Mimi nilienda kuchota maji tu," ndivyo ulivyosema kila ulipoulizwa. Asubuhi tulivu, dumu mkononi, bomu limefukiwa njiani. Mguu wa kushoto ukaishia hapo. Hukuongeza chumvi hata mara moja.

Kisha mzee Marko akaniliza. Rafiki yako huyu wa jeshini, aliyepoteza mguu wa kulia, mlikuwa mkinunua jozi moja ya viatu mkagawana: wewe cha kulia, yeye cha kushoto. Kabla jeneza halijafungwa aliinama, akavua kiatu chake, akakiweka kando ya chako. "Aende na jozi nzima," akasema. Akarudi kwake na magongo, mguu mtupu, na hakukubali tumwitie boda.

Baba, sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile ya Nakuru, kule Kenya. Nilikuwa na miaka kumi. Tangu Mama anibebe mgongoni kukimbia vita sikuwa nimekuona, na kichwani mwangu baba askari alikuwa na miguu miwili na buti. Ukaingia getini na magongo, nikakimbilia nyuma ya Mama. Ulikuwa umejifunza maneno machache kwa madereva wa malori njiani, ukayatoa yote: "Mimi iko baba yako. Usiogope."

Mimi nilikuwa nimepoteza Kibari, lugha ya kwetu, na wewe Kiswahili hukukijua. Basi kila jioni ulinyoosha kidole. Hii unaitaje? Sufuria. Na hii? Kizibo. Ulitaka maneno kumi kwa siku, na nikikupa tisa ulinirudisha. Muhula ulipofunguliwa ulikuwa unaweza kunigombeza kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimeanza kukaa karibu yako bila kuitwa. Ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii. Ni yetu sisi wawili.

Sasa habari ya nyumba.

Unakumbuka tuliporudi Juba ukapata kile kiwanja cha Gudele, tukaenda pamoja ofisini kuandikisha. Mara ya kwanza karani hayupo, mara ya pili faili halionekani, mara ya tano au ya sita tukaitwa ndani. Ukamwambia aandike jina la Mama. Karani akacheka. "Mzee, andika jina lako. Mwanamke wa nini?"

Hukukasirika. Ulimwambia, "Mimi nilikuwa porini miaka tisa. Yeye peke yake alisimamia nyumba. Andika yeye."

Wakati ule niliona ni upendo tu. Sikujua ulikuwa unaona mbali.

Siku ya karama, ile karamu ya kumaliza matanga, watu walipokwisha kula, Baba mdogo Wani alisafisha koo. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, na mzee Marko naye alikuwepo. Akasema ndugu yake amekwenda, basi mke wa ndugu yake yuko chini yake, na nyumba ataisimamia yeye. Akanigeukia. "Keji, wewe umeolewa, una kwako."

Niliweka chini trei ya chai. Sikuwa na hofu, Baba. Nilikuwa na hasira nyingi kuliko mdomo wangu.

Mama ndiye aliyesimama. Mama, ambaye katika vikao vyote vya ukoo hukaa nyuma akiangalia vikombe vya wageni. Aliingia ndani akatoka na ile bahasha ya hati ya kiwanja, akamkabidhi Baba mdogo kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Shemeji," akasema, "niliishi Nakuru miaka tisa bila mume, na mtoto huyu hakulala njaa. Msimamizi simhitaji. Ninahitaji shemeji."

Baba mdogo alisoma karatasi ile pole pole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye jina akarudi mwanzo akasoma tena. Mzee mmoja akaichukua, akaitazama, akamwambia, "Wani, ndugu yako ameshasema. Wewe unataka kubishana na nani?" Mzee Marko akacheka, kisha akalia, yote kwa pamoja.

Baba mdogo aliondoka bila kunywa chai. Nilidhani tumempoteza. Lakini wiki mbili baadaye alikuja na ngazi na mabati mawili, akapanda, akaziba pale panapovuja juu ya jiko. Hakuomba msamaha, na Mama hakuudai. Alimpikia asida, ugali wa kwetu, wakaongea habari zako za utotoni mpaka nikachelewa kurudi kwangu.

Habari imeenea mtaani. Wanawake watatu wamekuja kumuuliza Mama karatasi ile ilipatikanaje, naye amewaelekeza kwangu. Mmoja ni jirani wa nyumba ya pili, yule mwenye mapacha. Mume wake alikuwa askari kama wewe. Yu hai bado, lakini mgonjwa, na amekubali jina la mkewe liandikwe. Jumatatu nawapeleka. Naujua mlango, na kungoja nimejifunza kwako.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kwamba nitakwenda nao mara hiyo ya tano na ya sita, na sitaondoka kwenye lile benchi mpaka karani aandike jina la mama wa mapacha.

Mwanao,
Keji