Chumba chenye Vitanda Viwili Kando ya Bahari

Agadir, Jumapili, baada ya misa

Yaya Vumilia, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia wewe kwanza, halafu wote waliokuzunguka, maana najua utaisomea barua hii mbele ya karai lako la sambaza na mtaa mzima wa Majengo utajua mambo yangu kabla samaki hawajaiva. Goti lako linaendeleaje? Umeme unarudi, au bado mnapeleka simu kuchajiwa kwa yule baba mwenye paneli za jua? Na mlima wetu wa moto, umetulia? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Nimeandika kwa karatasi kwa makusudi. Kwenye simu unanikatiza, mtandao nao unanikatiza, na unanijua: nikikatizwa naanza kupiga kelele. Safari hii nitamaliza maneno yangu. Barua anaibeba mama mmoja wa Bukavu ninayefanya kazi naye. Amemaliza mkataba, anarudi kwao, na ameahidi kupita Goma kwanza akupe mkononi.

Kazi yangu ni ileile. Siku nzima nimevaa visikizio, nawaomba radhi watu wa Ufaransa ambao internet yao imekatika. Mimi! Mimi niliyesoma kwenye redio maneno yaliyowafanya wakubwa wa mji wetu wakose usingizi! Juzi muzee mmoja aliniuliza kama niko Paris. Nikamwambia hapana, niko Moroko, lakini natoka Goma. Akasema, "Goma? Ni upande gani wa Marseille?" Jibu lilinijia lote kichwani, lenye historia, lenye ramani, lenye matusi mazuri ya Kifaransa cha shule za mapadri. Nikasema, "Asante kwa kutupigia, bwana." Wanasikiliza simu zetu, Yaya. Wanatupa alama kwa upole.

Jioni narudi chumbani. Dirisha langu linatazama ukuta. Tuko watatu katika nyumba hiyo, Mkameruni, Mwivoriani na mimi, ila zamu zetu zinapishana. Ninachojua juu yao ni vikombe: nikiingia jikoni nakuta kikombe bado kina joto na mwenyewe ameshaondoka. Kuna wiki ambazo Kiswahili changu chote kinaishia kwenye sala na kwenye kujigombeza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile jambo la hoteli.

Uliponitumia sauti ile, kwamba wewe na kundi lenu la mashabiki mnakuja Moroko kwa Kombe la Afrika, niliisikiliza nikiwa nimesimama barabarani na watu wakanipita wakinishangaa. "Deo, utanitafutia hoteli. Lakini si hoteli ya kuona maji kwa mbali kama picha ya kalenda. Miye minataka kulala fasi nasikia maji." Kwanza nilikasirika. Hoteli? Tangu lini mutu wa kwetu ana ndugu mjini, halafu analala hotelini kama mfanyabiashara wa kahawa? Papa angesema nini? Hata yule mjomba mlevi alilala kwetu mwezi mzima sebuleni, tukaruka miguu yake kila asubuhi tukienda shule, na hakuna aliyetaja hoteli.

Halafu nikakumbuka mwenye nyumba wangu. Hataki mgeni mwanamke mlangoni pake. Nilimweleza kuwa anayekuja ni dada yangu wa tumbo moja. Akacheka, akasema ninyi Waafrika kila mwanamke ni dada. Yeye nchi yake iko bara gani, sijui! Nilimfundisha jiografia pale ngazini mpaka majirani wakafungua milango. Nilishinda mjadala, ila wewe bado huruhusiwi kuingia.

Basi nikaanza kutafuta. Na nikakuelewa, Yaya. Umeuza samaki wa Ziwa Kivu maisha yako yote, na ziwa lenyewe unaliona wapi? Ufukwe wetu wameujengea kuta. Hapa villa, pale hoteli, pale ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Sisi wa Majengo tumeachiwa kile kipenyo cha kuchotea maji, tunaingia na bidoni, tunatoka na bidoni, na polisi anatuuliza tunachelewa nini. Watu wanaishi na kufa kandokando ya maji mazuri kuliko yote Afrika bila kulala hata siku moja wakiyasikia. Niliyasema hayo redioni, ukanikanya, ukasema nitakosa kazi. Nikakosa kazi kweli. Lakini si uongo!

Hoteli ya kwanza ilikuwa ya vioo vitupu. Msichana wa mapokezi, mwenye adabu sana, akanionyesha chumba cha chini, mlango unafunguka moja kwa moja mchangani. Kizuri. Nikamwambia hapana, nataka cha juu.

"Lakini bwana, wote wanaomba hiki."

"Na gesi?"

"Gesi ya jikoni?"

"Gesi ya maji, mama! Ile inayopanda kutoka chini ya maji, ikalala mabondeni. Mbuzi akiingia anaanguka, mutoto akienda kumwokota naye anaanguka. Dada yangu hawezi kulala chini kando ya maji."

Akaniangalia. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na funguo zake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Bwana, hii ni bahari."

Nilitoka bila hata kuaga. Tangu nifike hapa, bado nachunguza mabonde ya watu nikitafuta mazuku, ile gesi ya kwetu! Nikatembea ufukweni nikicheka peke yangu, na kucheka peke yako si jambo zuri. Ukimaliza, kunakuwa kimya kuliko kabla ya kuanza.

Hoteli uliyoiona kwenye simu ndiyo ile ya pili, iliyo karibu na bandari ya wavuvi. Ya kizamani, rangi inabanduka, mwenyewe ni mjane anayeitwa Lalla Zahra. Huku Lalla ni kama sisi tunavyosema Mama. Chumba kiko ghorofani (ndiyo, ghorofani, niache), na ukifungua dirisha sauti ya bahari inaingia mpaka unanyamaza bila kupenda. Kina vitanda viwili. Nikamwambia nakichukua, tutalala mimi na dada yangu. Uso wake ukafungwa. Sheria, karatasi, majina tofauti kwenye pasipoti. Ningemwelezaje kuwa kwetu kila mutoto ana jina lake na si lazima ajiite la baba? Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanza hotuba, ndipo ulipopiga simu ya video.

Unakumbuka ulivyosema. Hukusalimia hata. "Deo! Hiyo shati ni ile ya mazishi ya Papa? Na shingo hiyo? Unakula nini huko, makaratasi? Geuka nikuone. Geuka, nimesema!" Nikageuka, katikati ya mapokezi, muzee mzima wa ndevu nyeupe. Lalla Zahra hakuelewa neno hata moja, lakini alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Basi, basi. Huyo ni dada yako. Hakuna mchumba anayemgombeza mtu hivyo." Akaandika majina yetu wote wawili. Wewe ukamuuliza kupitia kwangu kama maji ya bahari yanafaa kupikia fufu, naye akasema yatakupunguzia kununua chumvi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuhisi umbali. Siku zile nilikuwa mpole hata kwa Wafaransa.

Halafu kura ya kupanga makundi ikapigwa. Uwanja upo hapa, mechi zipo, ila si zetu. Chui wetu, timu yetu ya taifa, wametupwa kaskazini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nikapata sauti yako: "Deo, timu haiko huko kwako. Papa Prezida wa mashabiki anasema twende wote kulala kule timu iko. Hiyo hoteli achana nayo." Ukaanza habari ya bei ya sambaza, na mimi nikaisikiliza yote, bei na yote, kwa sababu ilikuwa sauti yako.

Nilikwenda kwa mkuu wa kazi kuomba siku nije mimi huko kaskazini. Amekataa. Wote wameomba likizo kwa ajili ya mpira, amewapa wenyeji. Nilibishana naye vizuri sana, ungejivunia. Amekataa hata hivyo.

Kwa hiyo nilikaa hapa leo nikuandikie hoja. Nilikuwa nazo. Nilitaka kukuthibitishia kuwa kundi lenu lina siku tupu kati ya mechi, kuwa Papa Prezida si askofu, kuwa mtu akivuka barrière ya mpakani na kupanda ndege mbili hawezi kurudi bila kufika kwa ndugu yake. Nimeandika kurasa mbili za namna hiyo, nikazichana. Zilikuwa nzuri, zingefaa redioni.

Lalla Zahra jana ameniuliza kama afute majina. Nimemwambia asubiri. Ameweka mashuka.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie avumilie kupika kwa siku chache. Nisalimie Mama mukubwa wa Munigi, aliyejenga tena juu ya mawe ya moto yaliyomwagwa na mlima na hataki kusikia ushauri wa mutu; damu yangu naijua ilikotoka. Mupwa wangu Neema aendelee na shule, asiolewe na mwanasiasa. Wamama wa shirika la kanisani waniombee, hata wale niliowatukana.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba na vitabu vyangu, nimekasirikia dunia nzima. Mama aliita, sikuitika. Papa aliita, sikuitika. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni, unasema neno moja tu la kwetu la kuniita nije, bila kueleza kwa nini, na nilikuwa nainuka.

Sijakuona tangu kabla ya mlima kutapika. Hoja sina tena. Kitanda cha upande wa dirisha ni chako.

Kuya, Yaya.

Mdogo wako,
Deo