Hatua ya Tatu

Shemeji Magesa,

Pumba za kwenye maturubai ya kuangukia zimebadilishwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza dada yangu anaendeleaje. Masika yalipopita, pumba za zamani zilishika ukungu, na ukumbi mzima wa kanisa ukawa unanuka kama ghala lililovuja. Tulileta viroba vya pumba kavu kutoka mashine ya kukoboa mpunga kule Magu, tukajaza upya, na Kulwa akashona midomo ya maturubai kwa sindano ile ya magunia uliyokuwa ukiificha juu ya kabati. Anasema aliijua siku nyingi. Alikuwa anakuacha tu ujione mjanja.

Kulwa hajambo. Ameanza kula kichwa cha sato, maana sasa hakuna wa kumwachia. Analalamika kwamba miaka yote ulimdanganya kuwa kichwa ni miiba mitupu. "Kumbe ndiko kwenye nyama tamu," aliniambia juzi, "na Mjita huyo akanyamaza miaka thelathini na nane." Alisema hivyo akicheka, kisha akainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Mimi nipo. Bado nafundisha watoto Jumamosi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea ukumbini ambalo linakuhusu, na ningependa ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe ulikuwa umejifunza judo jeshini ukiwa kijana. Mimi nilijifunza kwako nikiwa na miaka arobaini na tatu, mwalimu wa fizikia mwenye kitambi, kwa sababu tu ulihitaji mtu wa kumtupa na shemeji hawezi kukataa. Goti lako la kushoto lilikuwa limeshaharibika pale sokoni Mwaloni, siku ulipoteleza na gunia la dagaa mgongoni. Kupambana hukuweza tena. Lakini mazoezi ya wawili uliyaweza, na ukayafanya ndiyo msingi wa kufundishia watoto. Ukayaita zamu.

Wazazi hawakuelewa. Walileta watoto wakitarajia kuona vita, wakakuta watoto wawili wawili wameshikana makoti, wanatembea polepole kama wanaosindikizana. Uliwaeleza kwa uvumilivu ambao nyumbani hukuwa nao. Mmoja anakuwa mtupaji, mwingine mwangukaji, na wote wanajua tangu mwanzo nani atafanya nini. Mtupaji anashika ukosi kwa mkono wa kulia na mkono wa koti kwa mkono wa kushoto, anasema, "Nimekushika." Mwangukaji anajibu, "Nishike." Wanatembea hatua tatu. Kwenye ile ya tatu, mguu wa mwangukaji unapokaribia kutua, mtupaji anaufagia. Mwangukaji anaanguka na kulipiga kofi turubai kwa mkono, na mtupaji haachii mkono wa koti mpaka mwenzake awe ametulia chini. Kisha wanabadilishana. Hakuna anayeshinda. "Mzazi," ulikuwa ukisema, "kabla mtoto hajajua kumwangusha mwenzake, ajue kwanza kumpokea." Mama mmoja wa Kirumba akakujibu, "Mwalimu, huyu wangu kwa kuangusha watu hahitaji shule." Mwaka uliofuata alileta na wadogo wa mtoto huyo.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili tangu tukuzike alikuja kijana mmoja mkufunzi kutoka Dar, mwenye ruhusa ya kupima watoto kwa ajili ya mikanda. Kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo mara mbili, ya pili kwa sababu alidhani ya kwanza sikuisikia. Alitazama zamu mwanzo hadi mwisho, akaomba apige video kwa simu. Alipomaliza akaniita pembeni.

"Mzee, samahani sana. Hawa watoto wote wana tatizo la mguu?"

Nilikasirika kidogo. Nikavaa miwani nikaitazama ile simu yake. Jozi kumi na tano zilikuwa zinatembea kwa pamoja. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Kwenye ya tatu, kila mtupaji aliinamisha bega la kushoto, akauburuta mguu wa kushoto, akasita, ndipo akafagia. Wote. Hata wale wadogo kabisa ambao mikanda inawazunguka mara tatu. Shemeji, nilikuona wewe mara kumi na tano.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule kijana naye akacheka, kwa heshima tu, maana hakujua anacheka nini. Kisha machozi ya kucheka yaliendelea kutoka baada ya kicheko kuisha, naye akatazama pembeni.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa pale pale. Nimeangushwa na wewe miaka ishirini na minne. Kusita kwako kulishaingia mwilini mwangu kama mapigo ya moyo, na nani husikia moyo wake mwenyewe? Watoto walijifunza kwa kututazama. Waliichukua zamu nzima nzima, na goti lako ndani yake.

Kijana wa Dar hakucheka muda mrefu, na alikuwa na haki. Mguu unapokaribia kutua hauna uzito. Unaufagia kama jani uani. Ukichelewa kitambo tu, mwili mzima umeshaukalia, na hapo hufagii tena, unapiga nguzo. Aliwaita watoto wavue soksi. Shija, yule mwana wa fundi baiskeli, alikuwa na kifundo kilichovimba kama limau, naye amekificha wiki mbili. "Mzee, siwezi kuwapima hivi," akasema yule kijana. "Mtu atavunjika. Warekebishe hatua ya tatu, nitarudi baada ya wiki sita."

Watoto wengi walirekebika kwa Jumamosi mbili, huku wakichekana. Nyangeta alikataa.

Unajua mjukuu wako alivyo. Miaka kumi na miwili, mfupi, shingo ngumu kama yako. Yeye ndiye mwenzake Shija kwenye zamu, kwa hiyo kile kifundo ni kazi yake. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, sauti ya chini: "Babu Doto, hiyo ndiyo zamu ya babu. Tukiibadilisha, ya kwake itakuwa wapi?"

Nami nikafanya kosa la walimu wote. Nilichukua chaki. Nilimchorea mguu, nikamchorea mshale wa uzito, nikamweleza vizuri sana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, Babu," akavaa kandambili zake akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Kulwa ndiye aliyeniambia anakokuwa. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa uani kwao Mkuyuni, ametundika koti lako la judo kwenye kamba ya nguo, amelishika ukosi na mkono, anatembea nalo hatua tatu, anainamisha bega, anasita, anafagia hewa. "Doto," dada yangu akaniambia, "huyu mtoto hajalia tangu msibani. Hata tone. Ukimkosea huyu, usije kula kwangu."

Siku zile niliogopa kweli. Nikimwambia hatua ile ni kosa, nitakuwa nimemwambia babu yake alikuwa kosa, na atakalia uchungu ule mpaka uwe jiwe. Nikimwacha, ataliacha turubai, au atarudi amvunje mwenzake mguu. Na kutokana na hofu hiyo, likanijia swali ambalo mwalimu wa fizikia alipaswa kujiuliza tangu siku ya kwanza. Ikiwa kusita kunaumiza, kwa nini mimi, miaka ishirini na minne, sijawahi kuvimba kifundo hata mara moja?

Nilikwenda Mkuyuni nikamwambia Nyangeta, "Leo sikufundishi. Nataka unitupe."

"Babu, utavunjika!"

"Tutajua."

Tulikuwa watatu ukumbini, yeye na mimi, na Kulwa kwenye benchi amekunja mikono. Nyangeta akanishika. "Nimekushika." "Nishike." Tukatembea. Hatua ya tatu akainamisha bega, akasita, na kisigino chake kikanipata juu ya kifundo nikaona nyota. Nilianguka juu ya kiwiko, vibaya, kama kiroba kinachotupwa kutoka kwenye lori.

"Haya," Kulwa akasema kutoka kwenye benchi, "umeua mwalimu."

Nyangeta alikuwa ameshika mdomo. "Babu hakuwahi kuniumiza," akasema. "Alinitupa kila siku, hakuniumiza hata siku moja."

"Hata mimi. Simama nikushike."

Sikujua nitafanya nini, shemeji. Nakuambia ukweli. Niliamua tu kuacha mwili wangu utembee kama ulivyotembea wewe, bila haraka, bega likishuka. Kwenye ile hatua ya tatu nikasita. Na mkono wangu wa kulia, ulioshika ukosi, ukapanda juu wenyewe. Kidogo sana, kama mtu anayefunua sufuria achungulie bila kuacha mvuke utoke. Nyangeta akabaki kwenye ncha ya kidole, hana uzito, mguu wake unausubiri mguu wangu ufike. Nikaufagia. Alishuka kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Kumbe ndivyo ulivyofanya, miaka yote ile. Goti lilichelewa, na mkono ukamshikilia mtu hewani mpaka goti lifike. Watoto hawakuweza kuuona mkono, umefichwa na koti. Mguu kila mtu aliuona, ndio waliouchukua.

Nyangeta alibaki chali anatazama mabati. Kisha akasema, polepole, "Huo ndio mkono wake." Akaanza kulia. Alilia kilio chote alichokuwa amekiweka, na Kulwa akaja akakaa naye juu ya turubai, na viatu vyake miguuni. Najua sheria yako kuhusu viatu. Niliiacha ipite.

Alipotulia nikamwambia, bila chaki, "Mguu ule babu yako alipewa na gunia la dagaa. Mkono aliutengeneza mwenyewe. Wewe una magoti mazima. Chagua cha kurithi."

Alinyanyuka, akajifunga mkanda upya, akasema, "Njoo, Babu. Na usianguke kizee."

Kijana wa Dar alirudi kama alivyoahidi. Nyangeta na Shija walifanya zamu mbele yake. Hatua ya tatu ilikwenda safi, hakuna bega kuinama, hakuna kusita. Lakini nilikuwa nautazama ule mkono, na niliuona unapanda. Shija alishuka taratibu mno hata akasahau kulipiga kofi turubai, ikabidi warudie. Yule kijana akauliza nani amewafundisha mkono ule, yeye hajauona kokote.

"Babu yangu," Nyangeta akasema. "Goti lake lilikuwa bovu."

Kijana akaniangalia ili nimfafanulie, na mimi, ambaye hufafanua hata nisipoulizwa, nikanyamaza.

Wamepata mikanda ya njano. Nyangeta alifungwa wake na bibi yake, fundo la khanga kabisa, na mtoto akatembea nalo hivyo hivyo mpaka jioni. Sasa kila mtupaji ukumbini anafundishwa mkono wako kabla ya mguu. Wadogo wanauita "kufunua sufuria". Anayebaki kuchechemea ni mimi peke yangu. Nimejaribu, haitoki. Kila ninapofika hatua ya tatu wanapaza sauti wote pamoja, "Babu Doto, mguu!" Nawaambia najirekebisha. Sijirekebishi sana.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku ile kwenu Majita, wakati wa kukushusha kaburini, nilishika kamba ya upande wa kichwani. Vijana walikuwa na haraka, jua lilikuwa kali na upepo wa ziwa haukuwepo. Nikawaambia polepole. Wenzangu waliachia zao ulipogusa chini. Mimi nilisubiri. Padri alikuwa amefungua kitabu, watu wote wanasubiri, na mimi nimeshika kamba mpaka nilipohisi imelegea yenyewe na kwamba umetulia. Nilisema, "Nimekushika," kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza nikisema na usinijibu.

Basi pumzika, shemeji yangu. Jumamosi watakuja thelathini na mmoja, na yupo mmoja hana mwenzake. Kiwiko kimepona. Nakuahidi, maadamu naweza kuinuka, hakuna mtoto atakayekosa mtu wa kumtupa.

Wako,
Doto