Pindo la Kioo

Osaka, 9 Machi 1986

Mdogo wangu Tuhfa,

Salamu nyingi, na afya yako kwanza: kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo, ila baridi ya huku hainizoei, na huu ni mwaka wa ishirini tangu nitoke Tanga.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana watu wa Usagara hawakupi nafasi. Waambie hivi. Tunatengeneza televisheni ndogo za kioo bapa. Picha imegawanyika katika mistari mingi sana, na kila mstari sharti uamshwe kwa zamu, kutoka juu mpaka chini, kisha tena, kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Saketi za kuuamsha hukaa kandokando ya kioo na kufunikwa kwa fremu nyeusi. Kazi yangu ni kuzifanya saketi hizo ziwe ndogo, nizichore juu ya kioo chenyewe, fremu ipungue. Kwa lugha ya kazi yako: nalipunguza pindo ili mji wa khanga, pale katikati, uwe mkubwa.

Kakako,
Yakoub

Usagara, Tanga, 22 Juni 1986

Kaka Yakoub, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha, alhamdulillahi. Wewe jifunike. Huku sukari imeanza kuonekana tena, na khanga za kutoka nje zimejaa madukani, baada ya miaka ile ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Mie niko palepale na cherehani yangu, kwenye baraza ya duka la Mzee Jumbe, napinda khanga za watu.

Nilimsomea jirani yangu Chiku barua yako. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka yako kaenda hadi Ujapani kuhangaika na pindo? Si angekaa hapa akakusaidia!" Nikamwambia wewe hulipindi, unalipunguza. Akafikiri kidogo. "Basi anataka khanga ya mji mtupu. Mwambie hiyo haijapata kutoka kiwanda chochote."

Kweli, kaka? Picha bila pindo itashikwa na nini?

Nduguyo mdogo,
Tuhfa

Osaka, 14 Novemba 1988

Mdogo wangu Tuhfa,

Natumaini u mzima, na Chiku pia, na ulimi wake. Mimi nina afya na furaha.

Mwambie mji mtupu bado, lakini pindo sasa lina upana wa ukucha. Shida yetu ilikuwa hii: mstari ukishaamshwa lazima ulazwe, ama sivyo picha inaacha kivuli. Saketi za kulaza ndizo zilizokuwa zinakula nafasi. Mwishowe tukazitoa nyingi, tukaufanya kila mstari, ukiamka, umlaze mwenzake wa juu aliyeuamsha. Hakuna msimamizi pembeni. Wanapokezana wenyewe, mpaka chini.

Tulipowasha, Tuhfa, nilisimama kama mtoto. Mwanga ulitulia juu ya kioo chote, hakuna mstari uliobaki nyuma. Nikasema Subhanallah. Mwenzangu Mjapani akauliza maana yake, nikamwonyesha kile kioo.

Lakini wewe je? Nimezipanga barua zako mezani. Zamani ulijaza karatasi mpaka ukingoni. Sasa maneno yamejikusanya katikati na pembeni kote ni kweupe. Mimi nalikondesha pindo, wewe unalinenepesha! Unanitania?

Kakako,
Yakoub

Usagara, Tanga, 3 Septemba 1989

Kaka Yakoub, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Nakuombea uzima.

Sikutanii. Kila nilipokuandikia, mie nilidhani karatasi imejaa.

Barua yako ilipofika nilimwita Chiku. Akaweka kidole juu ya ule weupe. "Hapa unaona?" Sioni. "Na hapa?" Sioni. Hakufanya mzaha tena. Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo. Ni presha ya macho. Giza linaanzia pembeni na kuja ndani. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na matone ya kulinda kilichobaki hapa hayapatikani kila mara.

Katikati bado naona safi. Barua zako nazisoma mwenyewe. Kushona ndiko nilikoacha, maana nilikuwa nikipitisha mshono ndani ya mji wa khanga na pindo nimeliacha nje.

Mie sikuombi kingine. Sura yako niliyo nayo ni ya kijana anayepanda meli, na sasa umepita hamsini. Nataka nikuone kabla nafasi iliyobaki machoni haijafungika.

Nduguyo mdogo,
Tuhfa

Osaka, 1 Oktoba 1989

Tuhfa wangu,

Leo sikuulizi hali. Barua yako niliisoma nimesimama.

Luqmani, kijana wa Muheza anayesoma huku, anarudi nyumbani. Nimempa matone ya kukutosha, na televisheni moja ya kioo chetu. Weka matone kila siku, usikose.

Nimeomba ruhusa kazini nije nikuone. Wakasema ningoje toleo jipya likamilike. Nimewaambia nitaondoka Januari, likamilike lisikamilike.

Kakako,
Yakoub

Usagara, Tanga, 17 Desemba 1989

Kaka Yakoub, shikamoo, na shikamoo tena.

Luqmani amefika. Matone naweka, Chiku ananisimamia kama askari.

Tulipanda juu ya paa la nyumba ya kina Chiku na kile kioo chako, kikashika picha kutoka Visiwani. Alikuwepo bwana anasoma habari. Nilikiweka karibu, nikaona pua tu. Chiku akasema, "Nyoosha mkono, mwanamke!" Nikanyoosha. Yule bwana akaingia mzima machoni pangu, na pindo nikaliona pande zote nne, jembamba kama uzi. Mtu kamili, anapumua, anatosha kwenye kiganja, na hakuna kilichokatika. Hili umelifanya wewe? Chiku naye akaninyang'anya, akasema sasa ni zamu yake.

Sasa nisikilize. Nitakungoja stendi. Utakaposhuka usinikimbilie. Watu wote hunijia karibu kwa huruma, nikaishia kuona kifungo cha shati. Wewe simama kwanza ng'ambo ya barabara, utulie, nikuone mzima, toka kofia mpaka viatu. Nikishiba nitainua mkono.

Hapo ndipo uje.

Nduguyo mdogo,
Tuhfa